Kuitwa Kazini Jumapili

Reli ya kwenda Nanyuki ilipofufuliwa baada ya kulala miaka mingi, watu walikuwa wameshapanda sukuma wiki katikati ya mataruma yanayobeba reli. Karatina kulikuwa na mama aliyezoea kumwaga viazi vyake vya kuuza juu ya reli zenyewe, na tulipomwambia treni inarudi alicheka hadi akajishika kiuno. Mimi nilichukuliwa katika genge la matengenezo mwaka huohuo, mmoja wa wanawake watatu. Wenzangu wawili waliacha kabla mwaka haujaisha, mmoja mgongo ulimshinda, mwingine akapata kibanda sokoni. Mimi nilibaki kwa sababu niliipenda kazi ile, na sioni haya kulisema.

Genge letu lilikuwa la watu tisa, na kipande chetu kilianzia Karatina hadi Kiganjo. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Unatembea, unaangalia, unagonga, unakaza. Ukikuta taruma limelegea, unalishindilia kokoto hadi litulie. Ukikuta maji yamekula udongo chini ya reli, unajaza kabla treni haijafika hapo. Nilijifunza kuutia mtaimbo chini ya reli na kuulalia kwa uzito wangu wote, na nilijifunza kujua kwa mlio wa nyundo kama kibano kimeshika au kinadanganya. Sare tulizopewa zilikuwa za kiume. Mume wangu ni fundi cherehani, hushona sare za shule mjini Karatina, na jioni niliyoleta zangu nyumbani alizifumua zote akazishona upya zikanikaa. Nalitaja hili mapema ili msije mkamhukumu haraka.

Sasa niwaeleze habari ya Jumapili, kwa maana ugomvi wote ulizaliwa hapo. Treni ya abiria hupanda Ijumaa na kuteremka Jumapili, imejaa watu wa Nairobi waliokwenda kupiga picha za mlima. Mvua yetu nayo haina adabu ya kungoja Jumatatu. Ikinyesha Jumamosi kutwa, Jumapili asubuhi mlinzi wa njia hukuta udongo umeporomoka, au kokoto zimehamia shambani kwa mtu, na hapo lazima watu waitwe kutoka nyumbani waje watengeneze kabla treni haijateremka. Chama chetu cha wafanyakazi kilikuwa kimekubaliana na kontrakta aliyetuajiri jinsi ya kuita watu. Nyapara anaanza na aliyetangulia kuingia kazini. Huyo akishindwa, anakwenda kwa wa pili, halafu wa tatu, mpaka apate watu wanne. Kila wito unaandikwa kwenye daftari, nani aliitwa na nani alikuja. Malipo yake ya ziada yalikuwa mazuri, sikatai, lakini daftari ndilo lilikuwa jambo kubwa. Mtu aliyejibu wito wa dharura mara nyingi ndiye anayefikiriwa siku nafasi ya unyapara ikitokea, maana ndiye aliyeiona reli ikiwa mgonjwa.

Kufikia mwaka wa tatu, wote walioingia kabla yangu walikuwa wamehama au wamestaafu. Chini ya nyapara, mtu wa kwanza kwenye orodha nilikuwa mimi. Na sikuitwa hata Jumapili moja.

Nilikuwa najua wameitwa wengine kwa kuangalia tu. Jumatatu tulipofika mahali, nilikuta kokoto mpya, nyeupe, na alama za buti kwenye matope, na vijana wakipiga miayo. Kijana aliyenifuata kwenye orodha, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kushika mtaimbo, alikuwa akiitwa kila mara. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa ananiita mathe, kama vijana wanavyowaita mama zao. Sikuwa na ugomvi naye. Ugomvi wangu ulikuwa na nyapara, na sikuweza kuusema.

Nyapara huyu alikuwa mzee wa kanisa letu, mrefu, mpole, mtu wa kuvua kofia kabla ya kuingia hata ofisini kwa karani. Tena alikuwa zaidi ya nyapara kwangu. Mume wangu alipokuja kwa baba yangu kunichumbia, mzee huyu ndiye aliyeongoza ujumbe wao. Ndiye aliyekaa mbele ya baba yangu akasema maneno yote ya mahari, akajibu maswali, akaahidi kuwa nitatunzwa. Mtu kama huyo kwetu unamheshimu kama mkwe. Huwezi kusimama mbele yake na kumuuliza kwa nini anakubagua. Jumatatu moja nilijaribu kwa mzunguko. Nikasema naona jana mlikuwa na sherehe bila mimi. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Nyumba nayo ni kazi, mama." Akaenda zake.

Maneno hayo matano yalinikaa kooni mwaka mzima. Nilikuwa nikishindilia kokoto nayasikia. Nyumba nayo ni kazi. Kwa hiyo ndivyo anavyoniona, nikawaza, mtu wa kurudi jikoni. Nilimchukia, na kumchukia mzee mpole kunachosha kuliko kumchukia mkali.

Ni haki niseme pia kwamba si kila Jumapili niliumia. Zipo Jumapili nilizokaa kanisani na nguo kavu, mvua inapiga mabati hadi mhubiri akaacha kuhubiri akaanzisha wimbo, mume wangu upande huu na watoto upande ule, nikafurahi kabisa kwamba simu yangu imenyamaza. Halafu Jumatatu ninakasirika upya. Binadamu ni hivyo.

Mwaka nyapara alipobakiza miezi michache astaafu, nafasi yake ilitangazwa. Niliomba. Baada ya wiki mbili nilipata barua fupi kwamba sitaitwa kwenye mahojiano, kwa kuwa sina rekodi yoyote ya kujibu wito wa dharura. Niliisoma nikiwa nimesimama kando ya reli, nikaisoma tena, halafu nikaikunja na kuiweka ndani ya glavu. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja. Nafasi kama ile haingetangazwa tena mpaka huyo atakayeipata naye azeeke, na aliyeelekea kuipata alikuwa yule kijana niliyemfundisha. Ilikuwa sasa au basi.

Mwakilishi wa chama chetu alikuwa karani wa stesheni ya Kiganjo, mtu wa Majengo mjini Nyeri, Mwislamu aliyezaliwa hapohapo na babu yake pia, anayesema Kiswahili kilichonyooka hadi tunaona aibu kufungua midomo mbele yake. Nilimpelekea barua. Aliisoma, akauliza niliingia lini, na kijana aliyeitwa badala yangu aliingia lini, akatabasamu. "Dada yangu, kesi hii hawana hata pa kuishikia," akasema. Aliandika malalamiko siku hiyohiyo, kwamba nimerukwa katika wito wa kazi ya ziada kinyume cha makubaliano, na kwamba barua ile ifutwe. Nilitia sahihi. Nilikuwa nimemshtaki mzee aliyesema maneno ya mahari yangu.

Nilipomwambia mume wangu jioni ile, alizima cherehani. Aliniuliza kama ni lazima. Nikasema ni lazima. Akauliza kama nimefikiria mzee atajisikiaje, na nikamjibu vibaya, kwamba mzee naye hakufikiria ninavyojisikia mimi. Alichukua kola ya shati ya mtoto wa shule akaanza kuigeuzageuza mkononi. Nikadhani anaona haya mbele ya kanisa, nikamwacha.

Kikao kilikuwa Sagana, katika jengo la mawe la stesheni ya zamani ambalo kontrakta alilifanya ofisi. Mezani alikuwepo injinia wa kontrakta, mtu wa makamo mwenye haraka, simu mbili mbele yake. Nyapara alikuja na koti lake la kanisani. Alinisalimia kwa mkono, nikaupokea bila kumtazama usoni. Mwakilishi wangu alisema vizuri sana. Alisoma kifungu cha makubaliano, akataja tarehe nilizoingia mimi na alizoingia yule kijana, akauliza kwa upole ni sheria gani inayomruhusu nyapara kumruka mfanyakazi kwa kuwa ni mwanamke. Nilijisikia vizuri. Injinia alimgeukia nyapara akamuuliza ana la kusema.

Mzee alitoa daftari mfukoni. "Mimi sikumruka," akasema. "Niliita. Nilianza na yeye kila siku. Niliandika hapa kwa kitabu yangu."

Akaanza kusoma. Jumapili baada ya Pasaka, nimeita, hawezi. Jumapili ya shule kufungwa, nimeita, ana mgeni. Jumapili ya mvua ya mawe, nimeita, hajisikii vizuri. Alisoma ukurasa mzima, kidole chake kikifuata mistari. Ndani ya chumba kile mimi ndiye niliyeonekana mwongo. Nikasimama, nikasema kwa sauti ambayo sikuipanga kwamba sijawahi kupigiwa simu hata mara moja, na kwamba mzee wa kanisa anadanganya mchana kweupe. Mwakilishi wangu alinivuta mkono nikae.

Mzee hakukasirika. Alionekana kuchanganyikiwa, akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akaitafuta namba, akanisogezea mezani. Niliitazama. Niliijua kuliko ninavyoijua namba yangu mwenyewe. Siku ninaajiriwa sikuwa na simu, nikaandika kwenye fomu namba ya mume wangu. Baadaye nilinunua yangu, nikampa mzee namba, na naye akaiandika mbele yangu.

Nikamwonyesha mwakilishi. Akaelewa kwa kunitazama. Akamuuliza nyapara, sasa kwa sauti nyingine kabisa, kwa nini hakunipigia mimi, ilhali namba yangu alikuwa nayo.

"Mimi ndio niliongea siku ya ruracio ya huyu," mzee akasema. "Nilikaa kwa baba yake nikaomba msichana, nikasema atakaa vizuri kwa nyumba ya bwana yake. Sasa Jumapili asubuhi nipigie bibi ya mtu, nimwambie atoke kwa nyumba aende kwa matope na wanaume, na sijauliza mwenye nyumba? Hiyo itakuwa tabia gani? Nilikuwa naomba ruhusa. Naambiwa hapana. Nasema sawa, nyumba nayo ni kazi."

Injinia aliandika kitu. Nilikuwa nimekuja nikiwa na hasira ya mtu mmoja, na sasa ilikuwa inatafuta mahali pengine pa kukaa, na nilijua ni wapi.

Injinia hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa karatasi. Alisema kwa upande wake daftari linaonyesha nimeitwa na nimekataa. Kama nadai sikuulizwa, basi aliyejibu simu aje aseme hivyo mwenyewe. Alitupa wiki mbili. La sivyo, barua inabaki kama ilivyo.

Nilifika Karatina saa nane mchana. Sikwenda nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kwenye kibanda chake. Alikuwa na mteja, mama mmoja na sketi mbili za kijani, nikangoja nje mpaka mama akaondoka. Aliponiona usoni hakuuliza kikao kimekwendaje. Aliniambia niketi. Nikasema nitasimama.

Akanieleza. Mwaka wa kwanza, siku moja alikuja kuniletea chakula kwenye daraja tulipokuwa tunabadilisha reli. Alisimama juu ya tuta, mimi sikumwona. Jeki iliteleza, reli ikaanguka, ikatua karibu na mguu wangu kiasi cha kiganja kimoja. Wenzangu walipiga kelele, kisha wakacheka, na mimi nikacheka nao, kama tunavyofanya. Yeye hakucheka. Aliacha chakula kwa mlinzi akarudi kibandani, akashona siku nzima bila kujua anashona nini. Jumapili iliyofuata walionitangulia kwenye orodha hawakutosha, mzee akapiga simu. Mvua ilikuwa kubwa. Nilikuwa uani namchana mtoto nywele.

"Nilisema hauwezi," akaniambia. "Nilitaka kukuambia. Halafu mara ya pili ikawa rahisi. Halafu sikujua nianzie wapi. Nilikuwa naogopa, na Jumapili ndiyo siku pekee nakuona ukiwa umekauka."

Mtu akikwambia hivyo unapenda kulia na unapenda kumpiga na kitu. Nilimwambia kwamba mimi nami huogopa, kila siku, na huwa nakwenda. Nilimwambia kwamba amenisemea miaka minne. Kwamba nilimchukia mzee asiye na kosa, nikamwita mwongo mbele ya watu, na yeye anajua na amekaa kimya akikunja kola. Nilimwambia pia kuhusu wiki mbili, na kwamba kama hataki kwenda kusema, asiende, lakini aelewe kuwa unyapara umekwenda na sitausahau. Halafu nikaondoka, kwa sababu mteja mwingine alikuwa amefika na alikuwa anasikiliza kwa raha zake.

Siku zilizofuata nilipika, nikafua, nikaenda kazini, na sikumwambia neno lolote lisilohusu chumvi au karo. Kwake kwenda Sagana halikuwa jambo dogo. Angesimama mbele ya wanaume, mmoja wao aliyemwombea mke, aseme kwamba alimficha mke huyo simu zake. Karatina si mji mkubwa. Habari kama hiyo ingefika kibandani kabla yake. Sikumbembeleza. Nilikuwa nimeamua kwamba jibu lake, liwe lipi, nitalisikia kutoka kinywani mwake.

Katikati ya ukimya huo nilikwenda kwa mzee kumwomba radhi. Nilimkuta kwenye migomba yake. Aliipokea radhi haraka, kama mtu anayepokea mzigo usio wake, kisha akabaki ananitazama. Akaniuliza, kweli sikuwa najua? Nikasema kweli. Akatikisa kichwa, akasema ataniona Jumatatu, na akarudi kwenye migomba.

Asubuhi ya kikao cha pili nilitoka chumbani nikamkuta mume wangu amevaa koti, viatu vimepakwa rangi, amekaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni. Tulikwenda pamoja.

Mle ofisini alikataa kuketi. Alisema jina lake na kazi yake kwanza, kama mtu anayetoa ushahidi kortini, ingawa hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kisha akasema, "Huyu hakukataa hata siku moja. Ni mimi nilikataa. Sikumwambia kama ameitwa. Mzee hana makosa na yeye hana makosa."

Mwakilishi wangu, mtu wa maneno mengi, alitazama dirishani. Mimi nilikuwa nimemkasirikia mume wangu kwa wiki mbili, na wakati ule nilimpenda hadi nikaona haya, nikashika magoti yangu mwenyewe.

Aliyejibu alikuwa mzee. Alimgeukia mume wangu taratibu. "Kijana," akasema, "mimi nilidhani mnaongea."

Alimwomba injinia kalamu, akafungua daftari lake, na mbele yetu akaanza kuandika kando ya kila mstari kwa herufi zake kubwa: hakuulizwa. Mstari baada ya mstari. Tulimngojea amalize, na ilichukua muda, kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka na hakutaka kuruka hata mmoja.

Injinia alifuta barua. Alisema nitaingia kwenye mahojiano na wengine, lakini alisema pia kwamba hawezi kunipa rekodi ambayo sina. Mvua za Oktoba zilikuwa zinakaribia. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa lazima nijibu wito wa dharura, na nyapara aandike alivyoniona kazini, vinginevyo mahojiano yangekuwa ya bure. Mwakilishi wetu naye hakutoka mikono mitupu. Alitaka amri ibandikwe katika kila kibanda cha genge, kwamba mtu ataitwa kwa simu yake mwenyewe, na jibu litapokewa kutoka kwake mwenyewe na si kwa mwingine yeyote. Ikabandikwa. Ipo hadi leo, imekuwa ya kahawia, na kuna mtu ameichorea ng'ombe pembeni.

Oktoba ilifika kavu. Sijawahi kumwomba Mungu mvua kwa sababu mbovu kama mwaka ule. Majirani walikuwa wanaombea mahindi, mimi naombea maporomoko. Wiki ya kwanza ya Novemba mlima ulifungwa na mawingu Alhamisi, ikanyesha Ijumaa, ikanyesha Jumamosi bila kupumua. Jumapili tulikuwa kanisani, zaburi imeanza, simu ikatetemeka kwenye mfuko wangu wa sketi. Nilitoka nje chini ya paa la choo, mahali pekee palipokuwa pakavu.

"Mama, ni mimi," mzee akasema, na nikamsikia anahema. Nilijua ni mara yake ya kwanza na kwamba inamgharimu. Kisha akaeleza upesi. Udongo ulikuwa umeangukia reli upande huu wa Kiganjo, kiasi cha malori mawili. Treni imezuiwa Kiganjo na abiria ndani yake. Akaniuliza kama ninaweza.

Nikasema ninaweza.

"Haya," akasema. "Mimi goti imenikataa leo, siwezi kupanda hiyo tuta. Utaongoza wewe. Orodha unajua. Ita watu, nitakuja kusimama chini niangalie."

Nilipogeuka mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu kwenye mvua, kitabu cha nyimbo kimefunikwa ndani ya koti. Aliniangalia, nikamwangalia. Niliona woga wake wote, upo vilevile, haukupungua hata kidogo kwa kusemwa. Akaniuliza buti ziko mlangoni au uani. Nikamwambia uani, chini ya pipa. Akaondoka mbio kuelekea nyumbani, na koti lake zuri, akiruka madimbwi.

Barua ya kunipa unyapara ilikuja baadaye, Januari, ndani ya bahasha ya kaki. Udongo ule tuliuondoa kwa saa tatu na nusu, na abiria walitupungia mikono wakipita. Lakini mimi nahesabu kwamba kazi yangu ilianza pale kando ya choo cha kanisa, kabla hata sijavaa buti, nilipopiga simu yangu ya kwanza. Mtu wa kwanza kwenye orodha baada yangu alikuwa yule kijana niliyemfundisha, yeye ambaye tungehojiwa naye kwa nafasi ileile. Simu ilipokewa na mke wake. Nilijitambulisha, nikaeleza. Alisema kwa adabu kabisa kwamba bwana yake amechoka, jana alilima kutwa, leo hawezi, nitafute mwingine.

Ningeweza kusema sawa. Mvua ilikuwa kali, muda ulikuwa mfupi, na kwenye daftari kungekuwa na neno moja tu dhidi yake, na si mimi niliyelisema.

"Pole kwa uchovu wake, mama," nikamwambia. "Lakini tafadhali mpelekee simu. Akikataa, nataka nisikie ni yeye amekataa."

Nikasikia ndara zikivuka uani, mlango, mtu akiitwa mara mbili. Halafu sauti ya kijana, nzito ya usingizi, ikauliza ni nani.

"Ni mimi," nikasema. "Unaweza?"

"Naweza, mathe," akasema. "Niko njiani."